Jalada la Miaka 58 na Ufunguo wa Bohari

Mzee aliyehukumiwa kifungo cha maisha mjini Bristol, Uingereza, Julai 1, 2025, alikuwa na umri wa miaka 92. Alipotenda kosa lenyewe alikuwa na miaka 34. Juni 1967 aliingia nyumbani kwa Louisa Dunne, mjane wa miaka 75 aliyekuwa akiishi peke yake, akambaka na kumuua. Majirani walimkuta amekufa Juni 28. Kwenye dirisha la nyuma kulikuwa na alama ya kiganja, na polisi wa zama zile, wasiokuwa na kompyuta wala maabara ya vinasaba, walijituma kweli kweli: walichukua alama za viganja vya wanaume na vijana wapatao 19,000 na kugonga milango kwa maelfu. Wakaambulia patupu. Ryland Headley alikuwa akiishi nje kidogo ya mpaka waliouchora kwenye ramani.

Mwaka 2023 jalada likafunguliwa upya. Katika masanduku ya zamani ilikuwamo sketi aliyokuwa ameivaa marehemu. Ikapelekwa maabara, doa la shahawa likapatikana, na vinasaba vyake vikalingana na vya mtu ambaye sampuli yake ilikuwa kwenye hazina ya taifa tangu 2012, alipokamatwa kwa jambo jingine kabisa. Novemba 2024 polisi wakabisha hodi kwake, mjini Ipswich. Kiganja chake kikachukuliwa alama, nacho kikalingana na kile cha dirishani.

Magazeti yakaisifu sayansi, na sifa hiyo inaistahili. Lakini sketi haikujitunza yenyewe. Mwaka 1967 hakuna askari aliyejua kwamba doa lililokauka lingeweza siku moja kumtaja mtu kwa jina. Kwa zaidi ya nusu karne kulikuwa na makarani na askari wa bohari, watu wasiotajwa popote, ambao walipata kila sababu ya kuyatupa masanduku yale ili wapate nafasi, na hawakuyatupa. Ukizisoma kesi za namna hii moja baada ya nyingine unagundua kwamba nyuma ya karibu kila mpelelezi anayepigwa picha yuko mtunza bohari asiyepigwa picha.

Kesi haipoi kwa siku moja, na hakuna kikao kinachokaa kutangaza kwamba sasa imepoa. Wiki za mwanzo simu zinaita, mashahidi wanahojiwa, wakubwa wanataka taarifa kila asubuhi. Kisha linatokea tukio jingine. Mpelelezi anahamishwa mkoa, mwenzake anastaafu, na jalada linahama kutoka juu ya meza kwenda kabatini. Aliyewahi kukaa kwenye benchi la mahakama yoyote ya Tanzania anaijua sentensi inayoahirisha mambo: upelelezi bado haujakamilika, tunaomba tarehe nyingine. Wala si ugonjwa wa nchi maskini peke yake. Marekani, yenye maabara na fedha, katika miaka ya karibuni imekuwa ikiacha karibu nusu ya mauaji yake bila kumpata mhusika.

Kinachozipa kesi hizi uhai ni sheria. Tanzania na Kenya, kama nchi nyingi zilizorithi sheria za Uingereza, hazina muda ambao ukipita muuaji hawezi tena kushitakiwa. Wanasheria husema jinai haina ukomo. Kwingine haikuwa hivyo. Japani iliondoa ukomo wa mashitaka ya mauaji mwaka 2010 tu, na Korea Kusini mwaka 2015. Kwa wafiwa wa Hwaseong, Korea Kusini, mabadiliko hayo yalikuja wakati muda umeshapita, na habari yao itafika baadaye.

Mpelelezi anayekabidhiwa jalada la zamani haanzi kwa kukimbilia maabara. Anaanza kwa kusoma. Anasoma maelezo yote, hata ya yule jirani aliyesema hakuona kitu, na anatengeneza orodha mbili: ya vidhibiti vilivyokusanywa, na ya watu waliotajwa bila kuhojiwa sawasawa. Orodha ya pili huwa na aibu yake. Uingereza ilijifunza hilo kwa uchungu kupitia Peter Sutcliffe, dereva wa lori aliyeua wanawake 13 kati ya 1975 na 1980. Polisi walikuwa wameshamhoji mara tisa. Taarifa zake zilitawanyika katika maelfu kwa maelfu ya kadi za karatasi, kila kadi ikijua jambo lake, na hakuna aliyeweza kuzisoma zote kwa pamoja. Baada ya fedheha hiyo ndipo ukaundwa mfumo wa kompyuta wa kuunganisha taarifa za upelelezi mkubwa, ulioanza kutumika katikati ya miaka ya 1980.

Marekani nayo ina mfano wake. Gary Ridgway, mpaka rangi wa malori huko Seattle, alishukiwa mapema, na mwaka 1987 polisi walimpa kipande cha kitambaa cha hospitali akitafune ili wapate mate yake. Hakuna kipimo cha wakati ule kilichoweza kuyafanyia kazi ipasavyo. Kitambaa kikawekwa. Mwaka 2001 kikapimwa kwa mbinu mpya, Ridgway akakamatwa, na mwishowe akatiwa hatiani kwa mauaji ya wanawake na wasichana 49. Jina lilikuwa jaladani na mate yalikuwa bohari kwa miaka 14.

Mbinu iliyobadilisha kila kitu ilizaliwa Septemba 1984, katika Chuo Kikuu cha Leicester, Alec Jeffreys alipoona kwenye filamu ya eksirei mistari inayotofautiana baina ya mtu na mtu. Kesi kubwa ya kwanza ya mauaji ilikuwa jirani tu na maabara yake. Wasichana wawili wa miaka 15, Lynda Mann mwaka 1983 na Dawn Ashworth mwaka 1986, walibakwa na kunyongwa katika vijiji vinavyopakana. Kijana wa miaka 17 alikuwa ameshakiri mauaji ya pili. Kazi ya kwanza ya vinasaba katika historia ya upelelezi wa mauaji haikuwa kumnasa muuaji. Ilikuwa kumwachia huru kijana huyo, kwa sababu kipimo kilionyesha kwamba aliyewaua wasichana wote wawili ni mtu mmoja, na si yeye.

Polisi wakawaomba wanaume zaidi ya 5,000 wa eneo hilo watoe damu. Hakuna iliyolingana. Colin Pitchfork, mwoka mikate, alikuwa amemshawishi mfanyakazi mwenzake aende kutoa damu kwa jina lake. Siri ilivuja baa, mwenzake huyo alipolisimulia jambo lile mbele ya watu, na mwanamke mmoja aliyelisikia akaenda kutoa taarifa. Basi hata ushindi wa kwanza wa vinasaba ulikamilishwa na mdomo wa mlevi.

Hatua iliyofuata ilikuwa kumtafuta mtu kupitia ndugu zake. Lynette White aliuawa Cardiff, Wales, Februari 1988. Mashahidi walimwona nje ya jengo mzungu mwenye damu mikononi. Polisi wakawashitaki wanaume watano weusi na machotara. Watatu walifungwa mwaka 1990 na kuachiwa mwaka 1992, Mahakama ya Rufani ilipokataa namna mmoja wao alivyohojiwa kwa vitisho. Wataalamu waliporudi katika chumba alimouawa Lynette zaidi ya miaka kumi baada ya mauaji walipata tone dogo kwenye karatasi angavu ya kufungia pakiti ya sigara. Kisha wakabandua rangi ya ubao wa chini ya ukuta, maana chumba kilikuwa kimepakwa rangi upya, na chini ya rangi damu ilikuwa bado ipo. Mwenye damu hiyo hakuwamo kwenye hazina ya taifa. Lakini alikuwamo mvulana wa miaka 14, ambaye hakuwa hata amezaliwa Lynette alipouawa, na vinasaba vyake vilikaribiana mno na vile. Kutoka kwa mvulana polisi wakafika kwa mjomba wake, Jeffrey Gafoor, aliyekiri na kufungwa maisha mwaka 2003.

California ikalipeleka jambo hilo mbali zaidi. Kati ya miaka ya 1970 na 1986 mtu mmoja alibaka wanawake wapatao 50 na kuua watu wasiopungua 13, akihama kutoka wilaya hadi wilaya, na kila wilaya ikadhani ina mhalifu wake. Daktari wa uchunguzi wa maiti wa wilaya ya Ventura alikuwa na mazoea ambayo wenzake wengi hawakuwa nayo: alichukua sampuli mara mbili, moja ya kutumika na moja ya akiba. Akiba ya mauaji ya mwaka 1980 ndiyo iliyobaki kwenye jokofu ikiwa karibu haijaguswa. Mpelelezi Paul Holes na mtaalamu wa nasaba Barbara Rae-Venter waliipandisha kwenye tovuti ya GEDmatch, ambako watu wa kawaida huweka vinasaba vyao kutafuta ndugu waliopoteana. Wakapata binamu wa mbali, watu wenye babu mmoja wa karne ya 19. Wakaijenga miti ya ukoo kwa vyeti vya kuzaliwa, sensa na matangazo ya vifo, wakaanza kupunguza matawi: mwanaume, wa umri fulani, aliyeishi California miaka ile.

Akabaki Joseph James DeAngelo, miaka 72, mstaafu wa karakana ya malori. Miaka ya 1970 alikuwa askari polisi, mpaka alipofukuzwa mwaka 1979 kwa kuiba nyundo na dawa ya kufukuzia mbwa dukani. Maofisa walimfuata kimyakimya, wakapata vinasaba kwenye kitasa cha gari lake na kwenye karatasi ya shashi aliyoitupa. Akakamatwa Aprili 24, 2018, na mwaka 2020 akakiri makosa yake mahakamani.

Tangu hapo njia hiyo imefungua mamia ya majalada Marekani, na imezusha ubishi ambao haujaisha. Mtu aliyeweka mate yake kwenye tovuti ili amjue babu wa babu yake hakukusudia kumpeleka binamu yake gerezani. GEDmatch yenyewe mwaka 2019 ilibadili masharti, ikataka kila mtumiaji aamue kama anaruhusu polisi kuangalia. Kwa Mwafrika Mashariki kuna jambo jingine la kuliona mapema: hazina hizo zimejaa watu wenye asili ya Ulaya. Mbinu iliyomnasa DeAngelo inategemea ukoo ambao binamu zake wamenunua vipimo, na ukoo wa kutoka Tanga au Kisumu, hata ukiwa na vijana Minnesota au London, kwa sasa una majina machache humo. Anayedhani mashine hiyo itahamishiwa Dodoma ikiwa kamili inabidi asubiri kwanza.

Halafu kuna makosa ya mashine yenyewe, au tuseme ya pamba yake. Aprili 2007 askari wa kike, Michèle Kiesewetter, aliuawa kwa risasi mjini Heilbronn, Ujerumani. Kwenye gari kulipatikana vinasaba vya mwanamke ambaye tayari alikuwa akitafutwa: alama zake zilikuwa zimepatikana katika matukio kadhaa, ya Ujerumani, Austria na Ufaransa, mauaji hapa, wizi mdogo pale. Polisi wakaweka zawadi ya yuro 300,000 kwa atakayemtaja. Mwaka 2009 mambo yakavunjika kwa kichekesho kichungu: vinasaba vya mwanamke huyo vikapatikana kwenye hati za mwanaume. Mwanamke hatari kuliko wote Ulaya alikuwa mfanyakazi wa kiwandani, aliyeshika vijiti vya pamba vya kuchukulia sampuli wakati wa kuvifungasha. Vijiti hivyo vilikuwa vimeuawa vijidudu, lakini kuua vijidudu si kuondoa vinasaba. Wauaji halisi, kikundi cha Wanazi mamboleo, walijulikana Novemba 2011 bastola za askari zilipopatikana ndani ya gari lao lililoungua.

Korea Kusini walikosea zamani, na kosa likakaa. Hwaseong, eneo la mashamba kusini mwa Seoul, wanawake kumi waliuawa kati ya 1986 na 1991. Polisi waliamini kwamba muuaji ana damu ya kundi B, wakamchuja kila mtu kwa kipimo hicho. Kwa tukio la nane walimkamata kijana wa miaka 22, fundi mwenye ulemavu wa mguu, wakamnyima usingizi mpaka akakiri. Mwaka 2019 vidhibiti vya zamani vikapimwa upya, na vinasaba vikamwonyesha Lee Choon-jae, mfungwa aliyekuwa gerezani tangu miaka ya 1990 kwa kumuua shemeji yake. Damu yake ni ya kundi O. Alikiri mauaji 14, likiwamo lile la nane. Hakushitakiwa kwa mauaji ya Hwaseong, maana ukomo wa miaka 15 ulikuwa umefika mwaka 2006. Fundi yule, aliyekaa gerezani karibu miaka 20, alisafishwa na mahakama Desemba 2020.

Ndiyo maana si sahihi kuzitazama kesi hizi kama hadithi za ushindi tu. Jalada lililopoa mara nyingi lina watu wawili wanaodai haki: aliyeuawa, na aliyefungwa badala ya muuaji.

Si kila kesi ina damu. Lynette Dawson, mama wa watoto wawili, alitoweka Sydney, Australia, Januari 1982. Mumewe, mwalimu na mchezaji wa zamani wa raga, alisema mkewe ameikimbia familia, na ndani ya siku chache akamhamishia nyumbani msichana aliyekuwa mwanafunzi wake. Maiti haijapatikana hadi leo. Uchunguzi wa vifo mara mbili, 2001 na 2003, ulipendekeza ashitakiwe. Waendesha mashitaka wakaona ushahidi hautoshi. Mwaka 2018 mwandishi mmoja alitoa kipindi cha sauti cha mfululizo kilichosikilizwa na mamilioni, Chris Dawson akakamatwa mwishoni mwa mwaka huo, na Agosti 2022 Jaji Ian Harrison akamtia hatiani kwa ushahidi wa mazingira peke yake. Hakukuwa na kipimo kipya hata kimoja. Aliyemwamini mume mwaka 1982 hakuwa tena na sababu ya kumwamini, na msichana wa zamani, aliyekuja kuwa mke na kisha mtalaka wake, alikuwa na la kusema.

Wapelelezi wa mashauri ya zamani wanaujua vizuri mtaji huu. Kwa kawaida muda ni adui: kumbukumbu zinachakaa, mashahidi wanakufa. Lakini muda pia huvunja ndoa, urafiki na magenge. Aliyekuwa akitishwa sasa anaishi mji mwingine, na aliyetisha amezeeka au amekufa. Kwa hiyo mpelelezi mzuri anauliza nani alikuwa karibu na nani mwaka ule, na nani hazungumzi na nani sasa.

Hapo ndipo tofauti inapojitokeza na majalada mengi ya Afrika Mashariki, ambako shahidi hanyamazi kwa kumpenda mtuhumiwa bali kwa kuiogopa serikali. Dakta Robert Ouko, Waziri wa Mambo ya Nje wa Kenya, alitoweka nyumbani kwake Koru Februari 1990. Mwili wake, ukiwa na jeraha la risasi na umechomwa moto, ulipatikana kwenye kilima cha Got Alila, si mbali na kwake. Maelezo ya mwanzo yalidokeza kwamba alijiua. Rais Daniel arap Moi aliwaita wapelelezi kutoka London, wakiongozwa na John Troon, ambaye ripoti yake ilitaka watu wazito wachunguzwe zaidi. Tume ya uchunguzi ya Jaji Gicheru ikasikiliza mashahidi hadharani, na Novemba 1991 Moi akaivunja kabla haijamaliza. Waziri Nicholas Biwott na Katibu Hezekiah Oyugi walikamatwa na kuachiwa kwa kukosekana ushahidi. Biwott alikana kuhusika mpaka alipofariki mwaka 2017. Mkuu wa wilaya wa zamani, Jonah Anguka, ndiye peke yake aliyeshitakiwa, na aliachiwa huru mwaka 1994. Miaka ya 2000 kamati ya Bunge ikachunguza tena, ikaishia katika mabishano. Kesi ya Ouko haikukosa wapelelezi, wala mashahidi, wala kurasa. Majalada yake yangejaza chumba.

Kama mwaka mmoja na nusu kabla, Septemba 1988, Mwingereza Julie Ward aliuawa Maasai Mara. Baba yake, John Ward, alikodi ndege za kumtafuta, na kilichopatikana ni mabaki yaliyochomwa. Maofisa walishikilia kwamba aliliwa na wanyama, na ripoti ya daktari aliyesema mifupa ilikatwa kwa kitu chenye makali ikabadilishwa maneno ili ilandane na kauli hiyo. Ward hakukubali. Alirudi Kenya mara nyingi mno, akitumia fedha zake kuwafuata mashahidi mmoja mmoja. Walinzi wawili wa hifadhi walishitakiwa na kuachiwa mwaka 1992. Mkuu wa walinzi akashitakiwa na kuachiwa mwaka 1999. Hakuna aliyetiwa hatiani.

Afrika Kusini inaonyesha kwamba hata jalada lililochafuliwa na polisi wenyewe linaweza kusomwa upya, serikali iliyolichafua ikiondoka. Ahmed Timol, mwalimu na mpinzani wa ubaguzi, alianguka kutoka ghorofa ya kumi ya kituo cha polisi cha John Vorster Square, Johannesburg, Oktoba 1971. Uchunguzi wa 1972 ulisema alijirusha. Familia, ikiongozwa na mpwa wake, haikuchoka. Mwaka 2017 Jaji Billy Mothle alisikiliza upya: mabingwa wa maiti walisoma tena ripoti ya 1971 na kueleza kwamba majeraha mengi aliyapata kabla ya kuanguka. Akaamua kwamba Timol aliuawa. Askari mstaafu Joao Rodrigues akashitakiwa mwaka 2018, na akafariki mwaka 2021 kabla kesi haijaanza kusikilizwa.

Kuhusu watoro, mfano wa karibu nasi ni Félicien Kabuga, mfanyabiashara wa Rwanda aliyesakwa na mahakama ya kimataifa ya Arusha kwa mauaji ya kimbari ya 1994. Alikamatwa Mei 16, 2020, kwenye nyumba ya kawaida jirani na Paris. Timu ya mwendesha mashitaka Serge Brammertz ilikuwa imeacha kufuata uvumi na kurudi kwenye makaratasi: mawasiliano ya simu ya watoto wake na mahali simu hizo zilipolala. Utambulisho ukathibitishwa kwa vinasaba vilivyohifadhiwa tangu alipotibiwa Ujerumani mwaka 2007. Lakini miaka 26 ilikuwa imemla: mwaka 2023 majaji waliona kwamba akili yake haiwezi tena kuhimili kesi.

Tukirudi bohari: afya ya jalada lililolala inategemea mambo madogo mno. Shati lenye damu likifungwa kwenye mfuko wa plastiki likiwa bado bichi, unyevu unabaki ndani, ukungu unaota, na vinasaba vinaliwa. Linatakiwa kukaushwa kivulini na kuwekwa kwenye mfuko wa karatasi, likiwa na lebo na saini. Bristol yenye baridi ni rahisi. Mombasa au Dar es Salaam wakati wa masika ni habari nyingine, na kituo cha wilayani ambako vidhibiti vinagombania chumba na pikipiki zilizokamatwa ni habari ya tatu. Kisha kuna karatasi. Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika uamuzi wa 2009 unaorejewa hadi leo, ilieleza kwamba lazima kuwe na kumbukumbu zinazofuatana: nani alikamata kidhibiti, nani alikitunza, kilihamia kwa nani, kilipimwa wapi na kiliishia wapi. Wahalifu wengi wameponea kwenye pengo la saini moja. Na wengine wasio na hatia pia.

Maabara si kwamba hazipo. Tanzania ilitunga Sheria ya vinasaba vya binadamu mwaka 2009, na Mkemia Mkuu wa Serikali anapima sampuli za polisi. Kenya ilifungua maabara ya taifa ya upelelezi wa jinai, Barabara ya Kiambu, Nairobi, Juni 2022. Mwaka uliofuata zikaja maiti zaidi ya 400 zilizofukuliwa katika msitu wa Shakahola, na ndugu waliotoa mate yao Malindi wakasubiri mpaka Machi 2024 kabla miili ya kwanza haijakabidhiwa kwa familia. Mashine bila vitendanishi na watu wa kutosha husubirisha kama karani yeyote. Kuna pia majalada ambayo hayana hata cha kupeleka maabara: Azory Gwanda, mwandishi wa gazeti la Mwananchi, alichukuliwa Kibiti Novemba 2017, na hadi sasa familia haina mtu wala kaburi. Kesi ya Dawson inaonyesha kwamba kukosekana kwa maiti hakuzuii mashitaka. Kinachohitajika ni mashahidi wanaoweza kusema bila kuogopa.

Yote haya yanakutana katika jalada moja la Nanyuki, Kenya. Agnes Wanjiru, miaka 21, mama wa mtoto mchanga, alionekana kwa mara ya mwisho usiku wa Machi 31, 2012, akiwa na wanajeshi wa Uingereza waliokuwa mazoezini. Mwili wake ulipatikana Juni kwenye tangi la maji machafu la hoteli. Hakimu Njeri Thuku aliamua mwaka 2019 kwamba aliuawa na mwanajeshi mmoja au wawili wa Uingereza, na bado hakuna lililotokea mpaka gazeti la London lilipoandika mwaka 2021 kwamba wanajeshi wenyewe walikuwa wakizungumza kuhusu kifo hicho. Maiti iliyokaa majini miezi miwili haiachi mengi kwa maabara, kwa hiyo uzito wote uko kwa wanajeshi waliokuwa kambini na kwa kile walichoambiana. Septemba 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi ilitoa hati ya kukamatwa kwa aliyekuwa mwanajeshi, raia wa Uingereza. Novemba akakamatwa huko kwao. Amekana kuhusika, na suala la kumpeleka Kenya likaingia mahakamani London, ambako hoja ya kwanza si nani aliyemuua Wanjiru bali ni kama mtuhumiwa apande ndege au asipande.